Hatujawahi Kugombana

Naliaka,

Nimekalia kreti ya soda ndani ya stoo, mlango nimeuzuia kwa gunia la mchele, na shangazi zako wanafikiri nahesabu sahani. Waache wafikiri hivyo. Ni saa tisa unusu. Kesho saa nne uko kanisani, na kabla ya jioni utakuwa Gitothua kule Ruiru, kwenye nyumba ambayo pazia zake ulizichagua mwenyewe. Najua Ruiru si Ulaya. Nikipanda gari hapa Thika, nitafika kabla sijamaliza mahindi ya kuchoma. Najua pia una simu na mimi nina simu. Lakini kuna neno ambalo nikikutazama usoni litanikwama, na mdomo wangu ninaujua vizuri: kwa mambo madogo ni mkali kama pilipili, kwa mambo makubwa hukimbia.

Sitakuambia jinsi ya kupika wala jinsi ya kumwamkia mama mkwe. Shangazi zako wamekuimbia hayo tangu jana mpaka unataka kulia. Nataka tuongee kuhusu daftari.

Asubuhi nilipokuwa nikipanga nguo zako sandukuni, nililikuta chini ya mashuka. Daftari jipya la maua, bado lina harufu ya dukani, limetiwa kamba ya kuning'inizia. Kwenye ukurasa wa kwanza umeandika jina lako na la Ndung'u wako, katikati umechora kamoyo. Nilijua mara moja ni la kazi gani. Nilikaa kitandani kwako, nikashikwa na hofu ambayo sijaijua tena tangu siku ile ulipopotea sokoni ukiwa na miaka minne.

Daftari letu unalikumbuka. Lilining'inia kwenye msumari kando ya mlango wa jikoni tangu hujajua kusoma. Mimi nilikuwa shifti ya usiku pale kiwanda cha nguo, babako shifti ya mchana. Mimi nikiingia yeye ametoka, yeye akiingia mimi nimetoka, na kilichobaki katikati yetu kilikuwa wewe na daftari. "Unga umeisha." "Mtoto ana homa, nimempa dawa saa mbili." "Fundi wa paa anakuja Alhamisi." Siku nyingine babako alichora kuku ili ucheke. Ulijua kusoma "unga" kabla mwalimu hajakufundisha irabu, na hilo tulijisifia mtaa mzima.

Ulipokua ukaanza kulisimulia. Nilikusikia ukiwaambia wenzako wa chuo kule Juja waliokuja Krismasi, nikiwa hapo hapo nawapimia chai: "Parents wangu hawajawai gombana, ata mara moja. Walikuwa wanaandikiana tu notes." Wasichana wale wakashika vifua vyao, mmoja akasema hayo ndiyo mapenzi anayoomba. Mimi nikaendelea kumimina chai. Ningeweza kusema kitu pale. Nilisema, "Sukari iko hapo."

Halafu ukaniletea ile anime, katuni ya Kijapani.

Nilikuwa kwenye cherehani nikipinda sare za shule, wewe ukaweka laptop mwisho wa meza. "Mum, si uwatch na mimi. Hakuna matusi, ni watu wameoana tu." Nikasema sawa, bora wameoana. Vipande kumi na viwili, Naliaka, na nilivitazama vyote, maandishi ya chini yakinikimbia kama panya. Wewe uliporudi Juja nilivirudia viwili peke yangu kwenye simu, na hilo sijawahi kukuambia. Sikuvirudia kwa sababu ni vizuri. Kuna kitu kilikuwa kinanikera na nilitaka kukijua.

Nisiiseme vibaya yote. Kijana yule wa kutengeneza miavuli nilimpenda. Ana adabu, ananawa mikono kabla ya kula, na anapanga viatu vya mkewe mlangoni vikitazama nje ili asihangaike asubuhi. Mvua yao pia nzuri, mtu anasikia baridi akiwa hapa kwetu Makongeni. Na mkewe, msichana yule mwenye nywele za zambarau, ana miaka kumi na tisa, ameolewa wiki mbili, ana kijichumba juu ya karakana, nilimwonea huruma kama mtoto wangu. Kipande kizima cha tatu wanafikiria kama washikane mikono wakivuka barabara. Nilikucheka sana, wewe ukawa unafuta machozi.

Lakini mwanangu, ni nyumba gani ile? Hakuna anayerudi amechoka. Mama mkwe anaonekana mara moja, analeta keki, anaondoka. Msichana hana dada, hana mwenzake wa kumsengenyea mume, hana mahali pa kwenda akikasirika. Anaunguza supu, mume anainywa yote na kusema ni tamu. Babako nilipompikia ugali wa kwanza ukatoka mbichi, alisema, "Huu mbichi," akaurudisha motoni mwenyewe. Nilimchukia siku mbili, lakini angalau nilijua ugali ni mbichi. Kule kwenye katuni hakuna anayejua chochote. Kila mmoja anakisia cha mwenzake, anaona haya, mashavu yanakuwa mekundu, wimbo unaingia. Kwenye kipande cha tisa wananuna kweli, nikasema sasa leo tutaona nyumba. Mvua ikanyesha, kijana akaja na mwavuli, msichana akasema samahani, yeye naye akasema samahani. Samahani ya nini? Hawakusema. Nilikuuliza, ukasema, "Si lazima waseme, Mum. Wanaelewana."

Na kile cha saba ni kimoja kati ya viwili nilivyovirudia. Unakikumbuka vizuri, usijifanye. Msichana anapata barua kutoka shule ya kutia nguo rangi, mji mwingine wa mbali. Anaisoma amesimama, uso unawaka, unaona kabisa hiki ndicho kitu alichokitaka maisha yake yote. Kisha anasikia hatua za mumewe kwenye ngazi. Anaikunja, anaitia ndani ya kopo la majani ya chai, anafunika, anageuka akitabasamu. Mimi nikaacha cherehani. Nikasema sasa hadithi imeanza. Cha nane hakuna barua. Cha tisa hakuna. Cha kumi na mbili wanatazama fataki wameshikana mikono, hakuna barua. Wanakunywa chai kutoka kopo lile lile, Naliaka, kila asubuhi, na barua haipo.

Nikakuuliza barua imeenda wapi. Ukasema labda iko season two. Nikakuuliza kila ulipokuja nyumbani, kama mtu anayeuliza habari za mgonjwa, mpaka ukachoka: "Mum, si ni cartoon tu. Hao watu wana furaha, hiyo barua ni ya nini?"

Hukujua kwa nini nauliza. Na mimi sikukuambia, maana kukuambia ilikuwa lazima nianzie mbali.

Nianze basi. Tulikuwa tumeoana mwaka wa pili, wewe hujazaliwa. Kiwandani walichagua wanawake wanne wa kwenda Eldoret miezi sita kusomea uchoraji wa vitambaa. Mimi nilikuwa mmoja. Mimi mwanamke wa kufunga nyuzi zilizokatika, niliyekuja Thika na begi moja kutoka Bungoma. Supavaiza wetu, tuliyemwita Madam Wanjiku, alinipa karatasi mkononi na kusema, "Wewe una macho. Nenda."

Siku hiyo hiyo jioni tulikuwa na ushirika wa kanisa nyumbani kwetu. Karatasi ilikuwa kifuani, ndani ya blauzi, nikingoja watu waondoke. Wanaume wakaanza kuzungumza kuhusu mke wa jirani mmoja aliyepandishwa cheo na sasa hapiki. Walicheka. Na babako, Mungu amsamehe, akacheka nao, akasema, "Wangu hana hizo shida. Wangu hana haja ya vyeo." Akanitazama kwa upendo, nakuapia ilikuwa kwa upendo, na watu wote wakanitazama. Nikatabasamu. Nikawaongezea chai.

Kesho yake nilimrudishia Madam Wanjiku karatasi. Nilimwambia mume wangu amekataa.

Soma hapo tena, mwanangu. Mume wangu hakukataa. Mume wangu hakuulizwa. Nilimhukumu kwa mzaha wa jioni moja, nikakata kesi bila kumwita mshtakiwa, halafu nikaanza kumtumikisha kifungo. Kila alipokohoa nilimchukia. Kila nilipopita mashine yangu niliona vitambaa ambavyo ningechora mimi. Wale watatu waliporudi kutoka Eldoret na kalamu zao za rangi, nilienda ofisini nikaomba shifti ya usiku. Babako alifikiri nafuata marupurupu, akaniombea kanisani, akamshukuru Mungu kwa kumpa mke mchapakazi. Nilikuwa naomba shifti ya usiku ili nisilale naye kitanda kimoja nikiwa macho.

Hapo ndipo daftari lilipozaliwa, Naliaka. Lile unalolisimulia. Nililinunua kwa sababu kwenye karatasi sauti haisikiki. Ukiandika "unga umeisha" hakuna atakayejua umeyasaga meno. Miaka kumi na mitatu hatukugombana, ni kweli, hukusema uongo kwa marafiki zako. Hatukugombana kwa sababu tulipanga tusikutane, au tuseme mimi nilipanga na yeye akadhani ni maisha. Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu, na mimi nilikaa juu ya mshindo ule nikiulea kama kuku anayelalia mayai.

Ulipokuwa kidato cha kwanza, kule bweni, Madam Wanjiku alistaafu. Wakafanya kasherehe, nikaenda na babako. Mama yule, amezeeka, ameshika keki, akamwambia babako mbele ya watu: "Wewe ndiye ulimkataza huyu kwenda Eldoret? Ulitunyima mtu." Babako akanigeukia. Tulitembea mpaka nyumbani bila neno, na mimi nikaanza kupika, nikisubiri. Alikaa kwenye kile kiti cha jikoni. Akasema, "Eldoret gani?"

Nikamwambia. Nilimwambia nikiwa nimempa mgongo, nakata sukuma wiki.

Nilimaliza kukata fungu zima. Kisha akasema, "Ungeniuliza."

Unajua nilifanya nini? Nilitoka nje, na niliporudi amelala, nilichukua lile daftari nikaandika: "Nisamehe." Nilitaka yaishe hivyo, kama katuni. Asubuhi nilikuta babako amechana ukurasa ule. Amesimama nao jikoni, hajaenda kazini, na kwa mara ya kwanza tangu anioe akapiga kelele. "Usiniandikie! Niambie!" Majirani walisikia. Mama Njoki wa plot ya pili alikuja na kisingizio cha kuomba chumvi. Tuligombana siku tatu, mwanangu. Nilisema mambo ya kunitia aibu, naye akasema ya kwake. Alisema miaka kumi na mitatu aliishi na mtu aliyemfanya mwovu na yeye hana habari. Nikamwambia alinidhalilisha mbele ya ushirika. Akaapa hakumbuki. Hilo liliniumiza kuliko yote, kwamba neno lililokula maisha yangu yeye halikumbuki.

Usidhani siku ya nne tulikumbatiana. Tulikaa vibaya karibu mwaka. Lakini niliomba shifti ya mchana, na tukaanza kula meza moja, na polepole nikamjua mtu niliyekuwa nimeolewa naye. Nilimkuta ni mtu wa kawaida, mkaidi kidogo, anayesikiliza ukimpa nafasi. Anasema leo kwamba angenikubalia niende. Sijui. Kukubali jambo lililopita ni rahisi. Huenda angekataa, na huenda tungegombana wiki nzima na ningeenda kwa lazima, au ningebaki nikijua nimebaki kwa nini. Sitajua kamwe, maana mlango ule niliufunga mwenyewe kisha nikamlaumu yeye kwa giza.

Sasa nije kwako.

Alhamisi ya wiki iliyopita, siku mbili kabla ya wazee wa kina Ndung'u kuja, uliniita jikoni. Ulinionyesha simu. Lile shamba la matikiti na maembe kule Ngoliba limekupa kazi, afisa wa shamba, wewe na digrii yako ya miaka minne na zile buti ulizonunua ukiwa mwaka wa pili ukisema zitakuja kupata kazi. Kulala huko Jumatatu hadi Ijumaa, kurudi wikendi. Wanataka jibu Jumatatu hii inayokuja. Ulirukaruka mpaka sufuria zikaanguka. Nikakuuliza, Ndung'u anajua? Ukasema, "Namwambia Saturday, akikuja, nataka nione uso yake."

Jumamosi wakaja. Ulifunikwa leso pamoja na wenzako wanne, Ndung'u akakuchagua bila kukosea, akasema alikujua kwa vidole vya miguu, watu wakacheka. Kila kitu kilikuwa kizuri. Kisha msemaji wao, yule mjomba mwenye kofia, akasimama kujitapa kidogo kama desturi ilivyo. Akasema msichana wetu haendi kutangatanga kutafuta kazi. Ndung'u amefungua duka la dawa za mifugo na mbegu pale Gitothua, kaunta iko tayari, aproni iko tayari, imeshonwa jina lake. Wanawake wakapiga vigelegele. Ndung'u akakutazama, anang'aa, anakupa zawadi.

Nilikutazama mimi pia. Nilikuona ukitabasamu, na tabasamu lile ninalijua. Ni langu.

Babako mdogo akakuuliza kama desturi, mbele ya wageni wote: "Naliaka, tupokee?" Ukasema ndiyo. Akauliza mara ya pili, ukasema ndiyo. Mara ya tatu akasema, "Una neno lolote, mwanangu, kabla hatujafunga?" Na nyumba nzima ikanyamaza ikikungoja. Ukasema, "Sina neno."

Jikoni nilikushika mkono. Ukaniambia kwa sauti ndogo: "Mum, wacha. Nitamwambia tukishatulia. Hatujawai gombana na Ndung'u, ata siku moja. Siwezi anza na hiyo." Nami nikakuachia mkono, kwa sababu wageni walikuwa wanataka maji ya kunawa.

Leo ni Ijumaa na bado hujamwambia. Jumatatu utawaandikia wale wa Ngoliba kwamba mume wako hawezi kukubali. Nakujua. Utaandika kwa adabu sana. Na Ndung'u atakuwa kaunta akipanga chupa za dawa ya kupe, hana habari kwamba amekukatalia.

Usinifanye niseme kijana huyu ni mbaya. Si mbaya, na hapo ndipo hatari ilipo. Angekuwa mbaya ungemjua mapema ukajitetea. Amefungua duka kwa jasho, amekushonea jina kwenye aproni, anadhani umefurahi kwa sababu umemwonyesha umefurahi. Mlikuwa mkiitazama ile katuni yenu kwenye simu, yeye Gitothua dukani, wewe hosteli Juja, mkibonyeza pamoja ili mcheke pamoja. Mmejifunza pamoja kwamba wapendanao huelewana bila kusema. Mimi nakuambia mtu hawezi kukuelewa kwa jambo ulilolifunika. Hata angekuwa malaika.

Na mimi sina usafi wa kukunyooshea kidole, maana jana nilirudia kosa langu lile lile. Ndung'u alikuja na vyuma vya hema. Unajua kwetu Bungoma mkwe na mama mkwe hawapeani mikono wala hawakai benchi moja, na kijana wa watu wa Kiambu hajui hayo, alitaka kunikumbatia, nikarudi nyuma mpaka nikagonga drumu la maji. Alicheka, akaomba radhi, akasimama mbali kama alivyoambiwa. Kisha akauliza, akitazama chini: "Mum, Naliaka ako sawa? Amekuwa kimya sana hizi siku. Nikimuuliza anasema ako poa."

Niliulizwa, Naliaka. Kijana aliuliza kwa mdomo wake, jambo ambalo yule wa miavuli hakulifanya kwa vipande kumi na viwili. Na mimi mwanamke mzima nikajibu, "Ako sawa. Ni uchovu wa arusi."

Sikulala usiku kwa sababu ya jibu lile. Na asubuhi nikakuta daftari.

Sikuambii uende Ngoliba. Pengine Ngoliba ina jua kali na nyoka na utarudi mwezi wa pili. Pengine mtaamua uende mwaka mmoja, pengine duka litapata msichana mwingine wa kaunta, pengine Ndung'u atakasirika, ataona ameaibishwa mbele ya mjomba mwenye kofia, na mtagombana vibaya. Gombaneni. Gombana naye leo ukiwa kwenu, ukiwa na mama na baba na shangazi saba wenye midomo. Sitaki ugombane naye kwa mara ya kwanza una miaka arobaini, mtoto yuko bweni, na ulichokitaka kimepita.

Na kama utamwambia na aseme basi hakuna arusi, sikiliza, maana najua ndicho unachokiogopa, na ndicho na mimi nakiogopa. Hema hushushwa. Mchele utarudi gunini. Mbuzi tutamla, majirani wapo. Mchungaji atatangaza, tutaona aibu, mwezi mmoja, miwili, watu wa Makongeni watapata jambo jingine. Aibu ya miezi miwili naijua bei yake na niko tayari kukaa nayo pamoja na wewe. Ile ya miaka kumi na mitatu siwezi kukuangalia ukiibeba.

Nimekatizwa. Babako amebisha, anatafuta sukari ya mafundi wa hema. Nimesogeza gunia akaingiza kichwa, akaona kalamu. Akasema, "Unaandika tena?"

Nikampa kurasa zote. Amezisoma amesimama kati ya kreti, ameshikilia miwani kwa mkono kwa sababu mguu mmoja wa miwani umevunjika. Alipofika pale pa ushirika akasita kidogo, kisha akaendelea. Alipomaliza akazikunja, akanirudishia.

"Si umwambie tu," akasema.

"Nitaanza kulia."

"Basi lia."

Nikamwambia Ndung'u ndiye huyo anaingia na pikapu ya viti, nimesikia honi, na nyumba imejaa watu, na hakuna nafasi. Babako akachukua sukari yake. Akasema atamwita Ndung'u nyuma ya nyumba, wakae pale kwenye tangi, amwonyeshe bomba linalovuja, na hatamwachilia mpaka wewe uje. Nikamuuliza je, bomba linavuja? Akasema litavuja.

Ameenda. Namsikia anamwita. Shangazi zako wanauliza Mama Naliaka amepotelea wapi na sahani.

Kurasa hizi utapewa kesho, uende nazo au uzichome, ni zako. Leo sikuletei karatasi. Naondoa gunia mlangoni, nakuja chumbani kwako, nawatoa wote walio humo hata yule wa kukupaka hina. Usishtuke ukiniona. Nimeshaanza kulia, pua inachuruzika, na sijui kama nitafika mwisho wa ninalotaka kusema, lakini neno la kwanza litakuwa Ngoliba.

Mamako